Gladbeck, Agosti 1988: saa 54 za kamera ndani ya uhalifu

Alhamisi, 18 Agosti 1988, adhuhuri haijafika. Katikati ya jiji la Köln, Ujerumani Magharibi, kwenye mtaa wa maduka uitwao Breite Straße, gari aina ya BMW limezingirwa na watu. Ndani wamo watano: wanaume wawili wenye bastola, mwanamke aliye upande wao, na wasichana wawili wa miaka 18 waliotekwa. Mdomo wa bastola uko shingoni mwa mmoja wa wasichana hao. Vioo vimeshushwa. Maikrofoni zinaingizwa dirishani, kahawa inapitishwa, wapigapicha wanasukumana kutafuta nafasi, na msichana mwenye bastola shingoni anaulizwa anajisikiaje.

Saa nane mchana haikumkuta hai.

Kisa hiki, wizi wa benki uliogeuka utekaji wa saa 54, kinajulikana kwa jina la mji kilikoanzia, Gladbeck. Vyombo vya habari vinapotajwa pamoja na uhalifu, watu hukimbilia mjadala wa kama filamu za bunduki zinawafundisha vijana ujambazi; mjadala huo hauishi, na kila upande una hoja zake. Hapa hatuuhitaji. Katika saa 54 za Gladbeck vyombo vya habari havikugusa uhalifu kwa mbali, kupitia kichwa cha mtazamaji. Viliugusa kwa mkono, na karibu kila mguso unaweza kuonyeshwa ulitokea wapi na uliwapa nini watekaji.

Simu ya benki

Jumanne, 16 Agosti, mnamo saa mbili asubuhi, Hans-Jürgen Rösner na Dieter Degowski waliingia wakiwa wamefunika nyuso kwenye tawi la Deutsche Bank katika kitongoji cha Rentfort-Nord, Gladbeck, kwenye ukanda wa viwanda wa Ruhr. Ulikuwa wizi wa benki wa kawaida: ingia, chota, toka. Shahidi aliyekuwa karibu akapiga simu polisi. Majambazi walipotaka kutoka waliona gari la polisi nje, wakarudi ndani na kuwashika wafanyakazi wawili. Wizi wa dakika chache ukageuka utekaji.

Mguso wa kwanza ulikuja siku hiyo hiyo, na ulikuwa mwepesi mno: wanahabari walipiga namba ya benki. Watekaji wakapokea. Wakahojiwa kwa simu, na sauti zao zikaenda hewani wakati bastola bado ziko mikononi.

Kwa mtu wa redio hilo ni bao la mwaka. Kwa mpatanishi wa polisi ni balaa, na sababu zake ni za kiufundi kabisa. Kwanza, laini inayozungumza na ripota haizungumzi na mpatanishi. Pili, kazi ya upatanishi ni kumbakiza mtekaji na sauti moja tu ya kusikiliza, tulivu, inayorudi kila mara na kuvuta muda. Akipata sauti ya pili na ya tatu, ile ya kwanza inashuka thamani. Tatu, ripota anauliza maswali ya ripota. "Polisi wakikataa utafanya nini?" ni swali zuri kwa mwanasiasa. Kwa mtu aliyeshika mateka ni mwaliko wa kutamka tishio mbele ya taifa zima, na tishio likishatamkwa mbele ya taifa, aliyelitamka anaona aibu kulirudisha. Chumbani na mpatanishi angeweza kusema neno hilo hilo mara kumi na kulimeza mara kumi.

Usiku walipewa maki 300,000 (sarafu ya Ujerumani wakati huo) na gari, wakaondoka na mateka wao wawili. Njiani wakamchukua Marion Löblich, mpenzi wa Rösner.

Basi la Bremen

Siku ya pili, Jumatano jioni, baada ya kuzunguka kaskazini mwa nchi wakiona wanafuatwa, waliteka basi la abiria jijini Bremen, eneo la Huckelriede. Ndani mlikuwa na watu 32, watoto wakiwamo.

Hapa ndipo kisa kinapoacha kufanana na utekaji mwingine. Hapakuwa na uzio wa maana. Waandishi walitembea hadi kwenye mlango wa basi, wengine wakaingia ndani, wakapiga picha za abiria wakiwa na bastola kichwani, wakashuka. Mpigapicha mmoja akawa mjumbe kati ya watekaji na polisi, akibeba masharti huku na huku. Hakuwa amepewa mafunzo ya kazi hiyo, wala hakuwa na amri juu ya kitu chochote ambacho angeweza kuahidi. Na kamera yake ilikuwa bado shingoni.

Rösner alisimama nje ya basi, vipaza sauti vimemzunguka, akaeleza kwamba maisha yake hayana thamani kwake, kisha akajitia mtutu mdomoni kuonyesha atakavyomaliza mambo. Picha hizo zilionekana kwenye televisheni ya taifa usiku ule ule.

Tukae hapo kidogo, maana ndipo panapoonekana jinsi kamera inavyomchora mhalifu. Ukitazama mahojiano yale kama mhariri, unaona yamepangika vizuri: uso unaonekana, sauti safi, mtu anaongea kwa vituo, anajibu kwa zamu. Yamepangika kwa sababu aliyehojiwa aliwekwa mahali ambapo huwekwa waziri au kocha wa timu. Anapewa cheo kwa namna ya kumpiga picha tu, kabla hata maneno hayajasikika. Nyuma yake, ndani ya basi, wamekaa watu ambao hadithi ilipaswa kuwa yao. Katika fremu wao ni mandhari. Wanapohojiwa, wanahojiwa wakiwa chini ya bastola, kwa hiyo jibu lao halina maana ya kihabari hata kidogo. Mateka atasema anachodhani mwenye bastola anataka kusikia. Ripota anaondoka na kipande cha sauti kisichothibitisha kitu, na mtekaji anaondoka na uthibitisho kwamba dunia nzima imesimama kumsikiliza.

Mpatanishi mzoefu angeongeza jingine: hadhira hubadilisha tabia. Mtu aliyechoka, asiyelala, aliyekunywa, akiwa peke yake ataanza kutafuta mlango wa kutokea. Mbele ya kamera ataanza kuigiza jambazi anayemjua kutoka kwenye sinema. Na igizo hilo linataka tendo kubwa kuliko la jana.

Grundbergsee

Usiku basi likaondoka Bremen na kusimama kwenye kituo cha mapumziko cha Grundbergsee, kando ya barabara kuu. Magari ya waandishi yakafuata. Wale wafanyakazi wawili wa benki waliachiwa hapo. Löblich alipokwenda chooni, askari wawili wakamkamata. Watekaji wakatoa dakika tano arudishwe. Amri ya kumwachia ilitoka, lakini alichelewa kufika. Degowski akampiga risasi ya kichwa mvulana wa familia ya Kiitaliano, ambaye hakuwa amefikisha miaka 16.

Kilichofuata ndicho kinachosemwa kidogo kuliko inavyostahili. Katika msafara ule mlikuwa na magari ya polisi na magari ya wanahabari, lakini gari la wagonjwa halikuwepo. Lilisubiriwa. Mvulana alifia hospitali. Askari mmoja pia alikufa usiku huo katika ajali ya barabarani, gari lake likiwa katika harakati za kulifuata basi.

Kosa hilo si la waandishi, na ni vizuri kulisema wazi, kwa sababu simulizi nyingi za Gladbeck huwabebesha wao mzigo wote. Polisi ya Ujerumani iko chini ya majimbo. Watekaji walianza Nordrhein-Westfalen, wakaenda Bremen, Grundbergsee iko Niedersachsen, kisha wakavuka mpaka kuingia Uholanzi. Kila walipovuka mstari, amri ilibadilisha mikono. Waziri wa mambo ya ndani wa Bremen, Bernd Meyer, alijiuzulu mwaka huo huo. Ombwe la polisi ndilo lililowapa waandishi nafasi ya kuingia. Waandishi walipoingia, ombwe likawa kubwa zaidi, kwa kuwa sasa askari hawezi kulenga wala kusogea bila kupita katikati ya raia na nyaya za kamera.

Mtu aliyeonyesha njia

Alfajiri ya Alhamisi, upande wa Uholanzi, watoto waliachiwa kwanza, kisha basi likabadilishwa kwa BMW. Watekaji wakabaki na wasichana wawili na kurudi Ujerumani. Wakafika Köln, na tumeshaona walichokikuta Breite Straße.

Askari wenye nguo za kiraia walikuwa kwenye umati ule. Lakini umati wenyewe ndio uliokuwa ngao: watu wazima kwa vijana, waandishi na wapita njia, wamebana gari pande zote. Risasi moja ikipotea, inampata nani? Watekaji hawakuwa wameomba ngao hiyo, waliletewa.

Halafu gari likashindwa kutoka. Udo Röbel, naibu mhariri mkuu wa gazeti la Express la Köln, akaingia ndani ya BMW, akakaa nao, akawaelekeza njia ya kutoka mjini mpaka barabara kuu. Alishuka kwenye kituo cha mapumziko huko mbele. Miaka kumi baadaye alikuwa mhariri mkuu wa Bild, gazeti kubwa kuliko yote nchini.

Mtu anaweza kumtetea. Gari limezungukwa, watekaji wamechoka, lolote lingeweza kulipuka mtaani kati ya mamia ya watu; kuwatoa pale kulipunguza hatari kwa wengi. Utetezi huo una uzito, ila una tundu moja: hatari aliyoipunguza ilikuwa imetengenezwa na wenzake na yeye mwenyewe kwa kuwepo pale. Na hakuna aliyemtuma. Alichukua uamuzi wa kamanda bila kujua kamanda amepanga nini na kwenye kilomita ipi.

Kikosi maalumu kililigonga BMW kwenye barabara kuu ya A3, karibu na Bad Honnef, mnamo saa saba na dakika 40 mchana. Msichana mmoja aliruka nje akajeruhiwa. Mwenzake, yule wa picha za Köln, aliuawa kwa risasi iliyotoka kwenye bastola ya Rösner. Tarehe 22 Machi 1991 mahakama ya Essen iliwahukumu Rösner na Degowski kifungo cha maisha, Löblich miaka tisa. Kizimbani walikaa watatu tu.

Kanuni iliyobaki

Televisheni za kibiashara zilikuwa zimeanza Ujerumani Magharibi mwaka 1984 tu, na wengi hudai ushindani wao ndio uliowapandisha watu wazimu. Kiasi fulani, ndiyo. Lakini vituo vya umma na magazeti ya zamani yalikuwa pale pale, bega kwa bega. Kilichotokea ni kile kinachotokea penye kundi lolote la waandishi: hatua yako inapimwa kwa hatua ya jirani, si kwa kilicho mbele yenu. Mmoja akisogea mita tano, anayebaki nyuma ndiye anayeonekana mzembe. Baada ya hatua kumi za namna hiyo mtu anajikuta na mkono ndani ya gari la mateka, na hakumbuki ni lini alivuka.

Ndiyo maana busara ya mtu mmoja mmoja haikutosha, na baraza la habari la Ujerumani likaweka katazo lisilo na mlango wa pembeni. Kanuni ya 11 ya maadili yake inasema vyombo vya habari visikubali kuwa chombo cha wahalifu, visijifanye wapatanishi kati ya wahalifu na polisi kwa hiari yao, na kwamba mahojiano na watenda uhalifu wakati tukio likiendelea hayaruhusiwi. Sentensi hiyo ya mwisho haina "isipokuwa". Mhariri aliyepo zamu saa nane usiku hahitaji falsafa, anahitaji kitu cha kumwambia ripota anayesema, "Mwenzetu wa kituo kingine ameshazungumza naye."

Kwa chumba cha habari chetu, Nairobi au Dar es Salaam au Mombasa, kanuni hiyo inageuka kuwa kazi hizi za saa ya kwanza. Teua mtu mmoja, mkubwa wa kutosha, ambaye kazi yake siku hiyo ni kukataa tu. Asiandike habari, asiongoze matangazo. Zuia simu yoyote kwenda ndani ya jengo. Mtekaji akipiga mwenyewe, na hupiga, simu isirushwe hewani, irekodiwe tu, anayepokea aandike maneno kama yalivyosemwa na saa yalipotamkwa, pamoja na sauti za nyuma, asiahidi kitu, asiulize "halafu?", na rekodi iende polisi kabla ya kwenda kwa mhariri wa picha. Itachapishwa kesho ikistahili.

Picha za moja kwa moja ndizo zinazokosewa zaidi, kwa sababu watu wanadhani kuchelewesha matangazo kunatosha. Kuchelewesha kwa sekunde kumi kunakuokoa na tusi au na damu ya ghafla. Hakumwokoi askari aliye juu ya paa, kwa kuwa mahali alipo panaendelea kuwa siri yenye thamani kwa dakika 40 zijazo. Dawa ni kurekodi na kuonyesha baada ya tukio. Kama lazima uwe hewani, fremu iwe ya mbali, upande ambao hakuna mlango wala paa wala njia ya kuingilia, na mpigapicha asivute karibu hata akisikia mlipuko. Hasa akisikia mlipuko.

Mateka wasitajwe kwa jina, dini, uraia, cheo wala mali mpaka watoke. Katika shambulio la jengo la maduka la Westgate, Nairobi, lililoanza 21 Septemba 2013 na kuua watu 67, manusura walieleza jinsi washambuliaji walivyowachuja watu kwa dini. Sifa moja ya mtu ikitangazwa na redio inaweza kuwa ndiyo hukumu yake. Na muda wa mwisho uliotolewa na watekaji usihesabiwe hewani kama saa ya mchezo wa mpira. Ukiuhesabu umeufanya uwe wa kweli.

Polisi nao wana deni. Ukiwanyima waandishi mahali pa kusimama, watajitafutia, na watakapojitafutia patakuwa karibu mno. Uzio uwekwe mapema, mahali pa wanahabari pawe na mwonekano kiasi, msemaji atokee kila saa hata kama hana jipya, aseme hana jipya. Bila hivyo yule mpigapicha wa Bremen atazaliwa tena, mjumbe wa kujiteua.

Kisa cha Paris, 9 Januari 2015, kinaonyesha jinsi kanuni inavyoweza kujulikana na bado ikavunjwa. Mtu mwenye silaha aliteka duka la vyakula la Hyper Cacher. Mfanyakazi wa duka mwenye asili ya Mali, Lassana Bathily, aliwaficha wateja kwenye chumba cha baridi huko chini. Televisheni ya BFMTV ikasema hewani, tukio likiendelea, kwamba kuna mtu amejificha kwenye chumba cha baridi. Mtekaji aliyekuwa juu alizungumza na kituo hicho hicho kwa simu siku ile. Watu wa chini walitoka hai, na baadaye baadhi yao wakafungua mashtaka. Mamlaka ya utangazaji ya Ufaransa iliorodhesha makosa 36 katika matangazo ya siku zile.

Tofauti kubwa kati ya Köln na leo ni kwamba mwaka 1988 ungeweza kuwakusanya wakosaji wote kwenye ukumbi mmoja wa mkutano na kuwasomea kanuni ya 11. Sasa kamera ya Breite Straße iko mfukoni mwa kila mpita njia, na yeye hana mhariri. Shambulio la hoteli ya DusitD2, Nairobi, 15 Januari 2019, lilipoanza, picha zilitoka kwenye simu kabla gari la matangazo halijapata maegesho. Hata hivyo ghadhabu kubwa ya Wakenya siku ile ililielekea New York Times, lililochapisha picha ya maiti zikiwa zimelala mezani. Baraza la Habari la Kenya likadai iondolewe. Watu walijua tofauti kati ya mpita njia aliyetaharuki na dawati lenye wahariri.

Na kuna jambo moja dogo ambalo linamhusu ripota, mhariri na shangazi aliye nyumbani kwa usawa. Aliyejificha chini ya meza ameweka simu yake kwenye ukimya, au amesahau. Usimpigie. Mwandikie ujumbe mmoja mfupi, subiri ajibu akiweza, na akijibu alipo, usimwambie mtu isipokuwa namba ya polisi. Usiuweke kwenye kundi la familia. Kutoka kundi la familia hadi skrini ya televisheni, ujumbe husafiri kwa dakika chache, na aliye na bunduki naye ana simu.